Tafadhali Chukueni Bizimu Lenu

Bi. Verla Tidwell,
Crooked Creek, Wyoming.
Jumatatu, mara baada ya rodeo.

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Rodeo na Michezo ya Ng'ombe, Willow Fork.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: OMBI LA KUVULIWA UBINGWA

Natumaini barua hii itawakuta wazima, mkiwa mmeshaokota makopo uwanjani na farasi wenu wamepumzika. Mimi si mzima. Tangu Jumamosi chakula hakipandi na usingizi hauji, na wa kulaumiwa ni ninyi.

Kwa heshima na taadhima, naandika kulalamika kwamba timu yetu imeshinda.

Naomba msicheke. Najua mmezoea barua za walioshindwa: huyu kamba yake ilikuwa fupi, yule alipewa fahali mwenye usingizi, mwingine saa ya mwamuzi ilisimama. Nina hakika mnalo boksi zima la barua hizo na mnazisoma kwa huruma. Basi huruma hiyohiyo naiomba na mimi. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Sisi tumekubali kushindwa kwa roho safi miaka mingi, tena tumekubali tukiimba. Aliyekataa ni kamati.

Mnatujua. Sisi ni wale wanawake watatu wa pikapu ya kijani, ambao umri wetu si shughuli ya mtu. Mimi niliendesha basi la shule mpaka waliponinyang'anya funguo kwa keki na shada la maua. Nadine Oxborrow alikuwa mpishi wa shule hiyohiyo, na mikono yake bado ina nguvu za kukanda unga. Wa tatu ni Ardith Kessler, mjane, aliyefuga ng'ombe tangu hajaota meno. Kila Julai tunavuka milima ya Bighorn, tunashuka kwenu, tunaingia kwenye shindano la kukamua ng'ombe wa porini, tunashindwa, tunakula, tunarudi nyumbani.

Masharti mnayajua, ila nayataja ili tuelewane. Ng'ombe jike wa nyama, ambaye hajawahi kuguswa kiwele ila na ndama wake, anafunguliwa akiwa na kamba shingoni. Timu zote zinafunguliwa pamoja, kila moja na ng'ombe wake. Mmoja wetu anashika kamba, huyo ni mimi. Wa pili anashika kichwa, huyo ni Nadine. Wa tatu, Ardith, anakamua kwenye chupa na kumkimbilia mwamuzi, naye anaipindua. Tone likidondoka, umekamua. Letu halijawahi kudondoka. Mwaka mmoja ng'ombe alimburuta Nadine hadi kwenye kibanda cha maji ya limau, naye akaagiza glasi akiwa bado kalala kifudifudi. Mwaka mwingine Ardith alipata maziwa kabisa, nusu chupa, akajikwaa mbele ya mwamuzi akayamwaga yote. Tulimpa pole, tukalaumu magoti yake, tukaenda kula nyama choma. Mambo yalikuwa mazuri hivyo.

Sasa sikilizeni balaa lenyewe. Ardith ana mtoto mmoja, Dale, anayeishi Omaha, kule Nebraska, ambako kilima kirefu kuliko vyote ni daraja la barabara kuu. Dale ni mtoto mwema na hiyo ndiyo tabu yake. Kila mwaka anapiga simu: "Mama, magoti yako yanalia kama mlango mbovu. Utakamua ng'ombe wa porini mpaka lini?" Ardith, kwa kutaka kumnyamazisha ili arudi kwenye karata, akamjibu: "Mpaka tushinde, mwanangu. Siku tukishinda nafunga nyumba, naja kukaa kwako." Aliyasema hayo jikoni kwake, sisi tukisikia, huku akitukonyeza. Nadine alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Tuliona ni ahadi salama kuliko benki yoyote.

Lakini ahadi ni deni, na huku kwetu mtu anauza kundi zima la ng'ombe kwa kushikana mkono tu, bila karatasi. Ardith hajawahi kurudi nyuma kwa neno lake. Jumamosi mmelifanya deni hilo liive. Dale ameshapaka rangi chumba.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ng'ombe.

Mlitupa yule mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda, ambaye sifa zake tulizisikia tangu kituo cha mafuta cha kule mlimani. Asubuhi hiyohiyo, kwenye mazoezi, alikuwa amewarusha vijana wawili juu ya uzio, na mmoja alipotelewa na buti moja kwa moja. Nikasema moyoni, afadhali, tuko mikono salama. Lango likafunguliwa, nikashika kamba, nikafumba macho kama nifanyavyo kila mwaka. Nilipoyafumbua, ng'ombe alikuwa amesimama. Amesimama, ndugu Mwenyekiti, anacheua.

Nadine, akiwa kamkumbatia shingo, akaniuliza, "Verla, huyu amekufa?"

"Hajafa, anapumua. Mtikise!"

Nadine alimtikisa kwa nguvu zake zote. Ng'ombe akamlamba sikio. Huku nyuma Ardith alikuwa kapiga goti anakamua, anaguna kiwimbo chini kwa chini, nami nikadhani anasali tuokoke. Kamati inakusanya ada zetu ili itupe mnyama mkali. Kwa nini tulipewa mnyonge?

2. Washindani wenu.

Mimi nilitegemea vijana. Kijana mwenye mbavu zake anajua kazi yake ni kuwashinda bibi zake. Badala yake, walipoona Nadine analambwa sikio na kupiga yowe, timu nzima ya kwanza iliachia kamba kwa kicheko, ya pili ikakaa chini vumbini ikishika matumbo, na ng'ombe zao wakaenda kutembea. Yule mtangazaji wenu, Clete, badala ya kuwahimiza wafanye kazi, alikuwa anapiga kelele kwenye kipaza sauti: "Kazeni, akina mama, kazeni!" Nani alimtuma? Jukwaa zima likasimama. Watu wasiotujua walikuwa wanalitaja jina la Ardith kama wamezaliwa naye.

Na kilichoniumiza zaidi ni Wade Pruitt, bingwa wa mwaka jana. Mkono umefungwa bendeji mpaka kwapani, ametoka zahanati saa ileile, angeweza kubaki huko akapumzika na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini hapana, desturi yenu ni bingwa wa jana amvishe bingwa wa leo kwa mkono wake mwenyewe, basi naye akaja akichechemea, akavua kofia, akamfunga Ardith lile bizimu la fedha kiunoni, kubwa kama kisahani cha chai. Akamwambia, "Hongera, mama. Umetutoa jasho." Ardith akalia. Wakati ule niliona ni uungwana wa hali ya juu. Sasa naona ni uchokozi.

3. Mwamuzi, Bw. Harlan Tweed.

Miaka yote Harlan anaipindua chupa huku anatazama mawingu, anasema, "Hakuna," anarudisha kofia usoni. Ndiye mwamuzi wa haki kupita wote niliowahi kukutana nao. Mwaka huu mmemnunulia miwani. Aliipindua chupa, akaitazama kweli, na tone likaangukia buti lake. Nikawahi.

"Harlan, hilo ni jasho."

"Jasho si jeupe, Verla."

"La Nadine ni jeupe. Huyo amefanya kazi na unga maisha yake yote."

Mzee wa watu akainama, akachovya kidole kwenye buti lake, akalamba mbele ya umma. "Maziwa," akasema. Akanyoosha bendera. Nauliza, je, kulamba buti kumeandikwa katika kanuni gani?

4. Mikosi yenu imeharibika.

Hili ni zito, na naomba lipelekwe kwa wataalamu. Kila mtu wa rodeo, hata mtoto anayepanda kondoo, anajua mambo yanayoleta mkosi: kofia juu ya kitanda, nguo ya njano uwanjani, na kuku kabla ya kushindana. Mimi nilikuwa najua nini kinatungoja Omaha. Kwa hiyo sikubahatisha. Tulipofika gesti nilizichukua kofia zetu zote nikazilaza kitandani, nikazifunika na blanketi. Nadine alipoingia nusura atokee dirishani. "Mwanamke, unataka kutuua?" Nikamwambia nataka kutuokoa, anyamaze.

Asubuhi nikavaa shati la njano, njano ya kuumiza macho. Nikaenda kununua kuku wa kukaanga, nikawawekea mezani badala ya mayai. Huku kwetu husemwa ukila kuku utakuwa kuku, yaani mwoga, mbele ya ng'ombe. Nadine alisukuma sahani. Ardith alinitazama, akatazama shati, akachukua paja, akalimaliza, akalamba vidole, akauliza kama limebaki jingine.

Na bado tukashinda! Ama mikosi ya wilaya yenu imepitwa na wakati, ama kuna mtu kamati imemweka kuizuia. Nitashukuru kupata majibu kwa maandishi.

5. Milima.

Mwaweza kusema milima haiko chini ya kamati. Nakubali, lakini barabara yake inaishia kwenu, na mwisho wa barabara ndio unaoijibia barabara.

Kwanza, yule mnyama mkubwa wa pembe pana anayesimama katikati ya kona karibu na ziwa. Kila Julai anatuzuia njia, na kila Julai Ardith anashusha kioo na kumwambia, "Baba, tunachelewa," naye anaondoka. Mimi nilishawahi kumpigia honi, akalala. Pili, Bi. Maite Etcheverry anayeuza pai za cheri kileleni. Hutuwekea pai nzima, kwa sababu Ardith humwambia ukweli kwamba ganda la chini limelowa, wakagombana, wakabusiana, tukaondoka. Tatu, theluji. Kule juu theluji ya Julai inabaki kwenye vivuli, nasi wanawake wazima wenye wajukuu husimamisha gari tukapigana mabonge mpaka vidole vife ganzi. Mwaka huu Ardith alinipiga la kisogoni, likaingia ndani ya shati. Nilimfukuza mpaka kwenye maua yale ya buluu, tukaanguka sote wawili, tukabaki tumelala hapo tukicheka bila kujua tunacheka nini.

Nne ni mteremko. Mnaijua ile barabara upande wenu, ina kona juu ya kona, na vile vichochoro vya kokoto vya kuokolea malori yaliyokatika breki. Mimi nimeendesha basi la shule maisha yangu yote na sikumkwaruza mtoto. Lakini ule mteremko Ardith hukaa katikati yetu na kukanyaga sakafu kwa mguu wake wa kulia kila kona, kana kwamba ana breki yake. "Verla, breki. Verla, breki, mama, tunakufa." Nimemwambia mara nyingi kwamba ananiudhi. Ukweli ni kwamba mimi milima ile naishuka kwa mguu wa Ardith. Sijui nitashukaje bila huo mguu, na wala sitaki kujua.

6. Athari kwa taifa.

Ardith akihamia Omaha, Nadine atakosa wa kugombana naye. Ugomvi atauhamishia kwa mumewe, Floyd. Floyd ni mtu wa amani, atakimbilia mtoni kuvua. Floyd akivua kila siku, samaki watakwisha. Samaki wakiisha, wageni hawatakuja. Wageni wasipokuja, gesti zitafungwa, Bi. Maite atakosa wa kumuuzia pai, cheri zitaoza mitini, na dubu, ambao hawana staha mbele ya cheri iliyooza, watateremka mijini wamelewa. Msije mkaniuliza nani aliwaleta. Mliwaleta ninyi, siku mliyomnunulia Harlan miwani.

Kwa hayo yote, naomba Kamati ifanye mojawapo ya haya, kwa mpangilio huu:

(a) Itufute kwenye orodha ya washindi kwa kosa la shati la njano. Picha ziko, nimevimba ndani yake kama boga.

(b) Ikishindikana, itangaze kwamba ng'ombe mwekundu alikuwa mgonjwa, na shindano lirudiwe mwakani, na mwaka wa pili yake, na kuendelea.

(c) Ikishindikana, ifute mchezo wa kukamua kabisa, na isingizie kwamba haukuwahi kuwepo. Mimi na Nadine tuko tayari kuapa.

(d) Ikishindikana hayo yote, iiombe serikali iisogeze Omaha. Si mbali. Mpaka huku nyuma ya ghala la nafaka panatosha.

Bizimu nitalirudisha mwenyewe, nikifaulu kumvua Ardith. Tangu Jumamosi amelala nalo, ameogea nalo, na jana kanisani alikaa upande ili wote walione. Mchungaji alikatisha mahubiri.

Nisalimieni wote. Mumsalimie Harlan na miwani yake. Clete mwambieni sauti imemkauka kwa kujitakia. Msalimieni kijana wa maji ya limau, Wade Pruitt na mkono wake, yule mama wa tiketi aliyetuita "wasichana", na ng'ombe mwekundu, mumkune pale katikati ya pembe, anapapenda.

Ndimi wenu katika huzuni ya ushindi,

Verla Tidwell,
Mshika kamba.

Tanbihi. Kabla sijalamba bahasha niliona uungwana nimsomee Ardith barua hii kwa simu. Alicheka mpaka kwenye mikosi. Nilipomaliza akasema, "Verla, ukiituma hiyo nitakukamua wewe."

Kisha akaniambia. Ng'ombe mwekundu hana ugonjwa wowote. Kile kiwimbo nilichodhani ni sala ndicho alichowaimbia ng'ombe wa baba yake zizini tangu msichana, na hajaona ng'ombe asiyesimama akikisikia. "Ningeweza kushinda mwaka wowote, shoga. Ila nyie mlifurahi mno kushindwa, nikawaachia. Sasa hili goti la kushoto limeshatoa notisi. Nikasema nishinde mara moja tu, nikiwa bado naweza kukimbia na chupa."

"Na mwaka ule ulipojikwaa?"

"Nilijikwaa vizuri, eeh?"

Kikulacho ki nguoni mwako, na chetu kimefunga bizimu kiunoni kabisa.

Nikamuuliza kuhusu Omaha. Akasema Omaha anakwenda, aliahidi, na Dale amechagua rangi nzuri. Hapo nililia, sikuficha. Akanikemea. "Unalia nini wewe? Mwakani bingwa mpya nani atamvisha bizimu? Wewe? Aliyevaa ni mimi. Wade Pruitt alikuja mkono umefungwa, mimi nishindwe kuja na goti? Watu watanizomea mpaka kaburini." Desturi yenu, ndugu Mwenyekiti, nimeiandika mwenyewe hapo juu, kwa mkono wangu, na sikuiona.

Ameshampigia Dale. Dale amehamia mbali lakini alizaliwa Crooked Creek, na anajua bingwa hazuiliwi. Akauliza amlete mama yake siku gani, na kama kwenye pikapu kuna nafasi ya mtu wa nne.

Kwa hiyo futeni yote yaliyo hapo juu. Barua naituma hivyohivyo kwa sababu nimeitolea jasho, lakini msituvue chochote, mkituvua tutakuwa hatuna la kumrudishia Ardith huku. Tena tuandikisheni mapema kwa Julai ijayo, maana tukishinda tena itabidi arudi na mwaka unaofuata. Tunamtaka ng'ombe yuleyule. Harlan asithubutu kuja bila miwani. Kofia zetu zitalala msumarini, shati nimewapa wenye kutisha ndege shambani, na goti la Ardith likikataa nitakamua mimi. Ameshaanza kunifundisha kile kiwimbo.